Ukurasa wa Pili wa Majibu ya Ini Langu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu na wale mapacha wenu. Mgongo wako unaendeleaje? Nasikia bado unalala sakafuni na mazoezi uliyoandikiwa umeyaacha. Fanya mazoezi, bwana. Mapacha je, wameshaota meno ya mbele? Kwenye picha ya mwisho walikuwa wanacheka kama vibogoyo wawili wa rika moja, na mama ameibandika kwenye mlango wa friji.

Ukitaka kujua hali zetu, hatujambo. Mama ni mzima, macho tu yanamsumbua, ingawa ya kumwona anayepita na viatu sebuleni bado anayo. Shemeji yako anaendelea kuchomelea mageti ya watu na kuniletea mashati yaliyotobolewa na cheche. Mimi pia ni mzima, kasoro ini. Najua hapo umekunja uso. Kunjua, nitafika.

Nilipata ujumbe wako, ule mrefu. Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikatafuta kalamu. Unanijua nikikasirika naandika kwa mkono, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Umeniambia nikubali. Umesema kipimo cha jeni kimenipa miezi ishirini, basi niache kazi, nije kwenu nipumzike, na kwamba chumba cha wageni mmeshakipaka rangi. Asanteni kwa rangi. Siji.

Na kabla ya kuniuliza mimi mwenye ini, ukawatangazia ndugu wote kwenye kundi la familia. Binamu yetu wa duka la vitambaa alinipigia akilia mpaka mimi mgonjwa ndiye niliyembembeleza. Fundi bomba aliyekuja kurekebisha bomba la jikoni alinipa pole mlangoni, na mpaka leo sijui alizipata wapi habari. Umenizika kwa kidole gumba, mdogo wangu, na mimi bado nafua nguo zangu mwenyewe. Nilikukasirikia sana. Bado nimekukasirikia, lakini sasa naweza kukaa kitini na kuandika.

Sasa nisikilize. Wewe kazi yangu hujawahi kuielewa, na kosa ni langu pia, maana kila ukiniuliza nilikuwa nasema nakata nyama hospitalini, tukacheka, ikaishia hapo. Miaka ishirini na miwili niko kwenye chumba cha vipande. Mtu akitolewa kinyama mwilini, kinaletwa kwetu ndani ya kichupa. Tunakitia fomalini kisioze, halafu tunakigandisha ndani ya nta, tunakikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunavipaka rangi, na daktari wa darubini anavitazama. Ndiye anayesema ni saratani au siyo. Lakini mikono ya kwanza ni yetu, na tukiharibu sisi, hakuna darubini ya kurekebisha.

Kipimo cha jeni nacho kinaanzia kwetu. Tunakata vipande kadhaa, tunavipeleka maabara kubwa ya mbali. Kila seli ya ini ina jeni zilezile, ila si zote zinazofanya kazi. Jeni inayofanya kazi hutoa ujumbe, na maabara inahesabu ujumbe huo kwa jeni thelathini na moja walizozichagua. Uvimbe ambao jeni za kazi ya ini bado zinatoa ujumbe kwa nguvu huwa na adabu kidogo. Uvimbe ambao jeni hizo ziko kimya, umeshasahau kwamba ulikuwa ini, na huo ndio mkali. Wanakokotoa, wanakupa alama kati ya sifuri na mia. Mstari uko kwenye sitini. Ukiwa juu yake, uko kundi la wanaoishi muda mfupi. Mimi nilipata tisini na moja.

Wakati huo nilikuwa nimeshapangiwa upasuaji. Uvimbe wa saratani ni mmoja, ukubwa wa limau, umekaa pembeni, na ini lililobaki lina nguvu. Alama zile zilipofika, mkutano wa madaktari ukanifuta kwenye orodha. Wakasema upasuaji hautanisaidia kitu, nipewe dawa za kutuliza. Ndipo shemeji yako alipopiga picha karatasi ya majibu na kukutumia, na wewe ukaanza kuhesabu.

Alipiga picha ukurasa wa kwanza tu. Majibu yana kurasa mbili.

Simlaumu, maana hata madaktari hawakuufunua wa pili. Nami sikuufunua kwa wiki mbili nzima nilizokaa nyumbani nimeshika tama. Niliufunua siku niliporudi kazini, kwa mazoea tu ya mtu aliyepokea karatasi za namna ile maisha yake yote. Chini kabisa, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, waliandika kwamba ubora wa sampuli uko chini ya kiwango na kwamba majibu yasomwe kwa tahadhari.

Sampuli yangu! Mimi ambaye vichupa vyangu havijawahi kurudishwa hata kimoja! Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la kupokelea. Mimi nilichomwa sindano ya kutoa kinyama cha ini siku ya Alhamisi, kesho yake ikawa mwanzo wa likizo ndefu. Vichupa vilivyoingia Alhamisi hiyo vilikuwa kumi na vinne. Kumi na vitatu vilishughulikiwa Ijumaa asubuhi na aliyekuwa zamu. Changu kilitolewa kwenye fomalini siku ya sita.

Siku moja inatosha, mbili ni mwisho. Ujumbe wa jeni ndani ya nyama huharibika upesi kama maziwa yaliyosahauliwa mezani. Ukiikalisha nyama kwenye fomalini siku sita, jeni zote zinaonekana kimya, hata ambazo zilikuwa zinapiga kelele. Na kimya ndicho kilichonipa tisini na moja.

Chumbani kwetu tuko watatu. Kuna Miwani, mwanamume mtaratibu anayefuta meza mpaka rangi inabanduka, na kuna mwenzangu tunayemwita Bibi Harusi, kwa sababu alianza kazi wiki moja baada ya kuolewa, miaka kumi na tisa iliyopita, na jina halikumtoka. Niliwaita wote wawili, nikafungua daftari, nikaweka kidole kwenye jina langu.

Miwani alivua miwani yake akaanza kuifuta. Bibi Harusi ndiye aliyesema. "Dada, mkono ulikataa," akaniambia. "Nilikifungua kichupa, nikaona jina lako, nikakifunga. Nikasema Miwani ndiye atakayeweza. Na yeye akasema mimi ndiye nitakayeweza."

"Nilikiweka mahali pazuri lakini," Miwani akasema. "Peke yake. Kisichanganyike na vya watu."

Yaani kichupa changu kiliwekwa kama mgeni rasmi, kwenye rafu ya juu, siku sita, kwa heshima! Kama wangekuwa wananichukia wangekikata Ijumaa bila kupepesa macho na majibu yangekuwa ya kweli. Niliwafokea mpaka mlinzi wa korido akachungulia. Halafu tukalia wote watatu, na baada ya hapo nikawaambia wakae, tukaandika kwenye daftari ukurasa mzima kile kilichotokea, na kila mtu akatia sahihi yake. Miwani aliandika sentensi yake mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na jina langu na machozi yaliangukia hapohapo.

Nikaenda na daftari hilo kwa daktari wa upasuaji. Sisi tunamwita Bwana Glavu, maana hata kantini hutembea na glavu zinachungulia mfukoni. Si mtu mbaya, ila ana haraka, na mtu mwenye haraka ukimletea jambo ambalo ameshalifunga, anakutazama kama umemletea mzigo wa mtu mwingine. Alisema kuchoma sindano mara ya pili kuna hatari, ini linaweza kuvuja damu, na pengine jibu litakuwa lilelile. Nilimwambia hatari ni yangu na ini ni langu. Nikasimama mlangoni kwake siku tatu, kila siku wakati wa mapumziko yangu ya chai, na daftari kwapani. Siku ya tatu akaandika karatasi ya sindano ili niondoke.

Safari hii Bibi Harusi alisimama miguuni kwangu na kichupa mkononi na saa mezani. Kinyama kilipotoka tu, aliondoka mbio, viatu vinalia korido nzima. Mimi nilitakiwa nilale kwa ubavu wa kulia kwa muda wa saa sita bila kujigeuza. Nilimpigia simu mara nne. Mara ya nne akaniambia, "Dada, ukinipigia tena nakukatia nyama vibaya kwa makusudi." Nilicheka huku nimejishika ubavu. Alikiweka fomalini dakika ya tatu, akakitoa kesho yake asubuhi, akakikata yeye mwenyewe, na kwenye daftari kila saa imeandikwa.

Majibu yalichukua wiki tatu. Nilianza na ukurasa wa pili, na huko waliandika ubora mzuri. Nikafunua wa kwanza. Alama sitini na sita.

Nitakuambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia hivi. Nilikuwa nimeshajiandalia furaha. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoingia kwa Bwana Glavu na kumwekea karatasi mezani bila kusema neno. Nimepigana zaidi ya mwezi mzima, nimewaliza wenzangu, nimechomwa sindano mara mbili, na bado niko upande uleule wa mstari. Niliingia kwenye stoo ya vichupa vitupu, nikakaa juu ya katoni, nikajiuliza kama ni wewe uliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Uwezekano huo uliniudhi kuliko saratani yenyewe.

Ila nilikuwa na ile tabia ya kusoma mpaka chini. Maabara ile, ukiwaandikia kistaarabu, wanakutumia maelezo ya jinsi kipimo kilivyotengenezwa. Nikawaandikia, wakanitumia. Kurasa tisa. Nilisoma na kamusi, nikasoma na daktari wa darubini, mama mmoja mpole sana ambaye hata akigongwa na mlango anauomba radhi mlango. Kipimo kilitengenezwa kwa watu mia mbili na kumi na wanne. Walipimwa jeni, wakafuatiliwa miaka saba, ikaonekana nani aliishi na nani alifariki. Na watu hao mia mbili na kumi na wanne, wote kabisa, walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Ndiko nyama ilikotoka, kwenye uvimbe uliokatwa.

Umeona? Wewe ni mwalimu wa hesabu. Ile miezi ishirini uliyonihesabia ni ya watu waliopasuliwa! Nusu ya kundi baya walifika hapo au chini ya hapo, na nusu nyingine wakapita, wengine wakapita mbali, lakini wote walipita wakiwa wameshakatwa uvimbe. Wasiopasuliwa waliishi muda gani, karatasi haisemi, kwa sababu hawakuwemo. Sasa inakuwaje karatasi ya waliopasuliwa itumike kuninyima mimi upasuaji? Mwanafunzi wako akikuletea hesabu ya namna hiyo ungempa sifuri na kumwita mzazi.

Usije ukafikiri nakitukana kipimo. Sikitukani. Najua wale waliohesabu jeni thelathini na moja walikesha kwa ajili ya watu kama mimi, na sitini na sita yao naiamini kwa sababu nyama ilikatwa vizuri. Inaniambia kwamba uvimbe wangu ni mkorofi na unaweza kurudi, kwa hiyo baada ya upasuaji nipigwe picha kila miezi miwili badala ya sita. Hiyo ndiyo kazi yake na ninaikubali. Ninachokataa ni mtu kuchukua alama zangu na kuzifanya mlango wa kunifungia nje.

Alhamisi iliyopita nikaenda kwenye mkutano wa madaktari. Mkutano huo naujua. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiingia na trei ya vioo vyenye vile vipande, naiweka karibu na darubini, natoka. Safari hii niliweka trei, nikavuta kiti, nikakaa. Walitazamana. Mmoja akadhani nimezidiwa, akanimiminia maji.

Bwana Glavu akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha, "Dada, majibu ya pili yanasema yaleyale."

"Yanasema yaleyale kuhusu watu gani?" nikamuuliza.

Nikasoma ile sehemu ya maelezo ya maabara niliyokuandikia hapo juu, kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Daktari wa darubini aliivuta karatasi kwake, akaisoma mwenyewe ingawa alishaisoma, akasema, "Hajakosea. Wote walipasuliwa. Kabla ya alama hizi tulishakubaliana kumpasua, na kwenye ini lake hakuna kilichobadilika." Halafu yule mama, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akagonga meza kwa kidole. "Sisi ndio tuliobadilika."

Bwana Glavu aliikuna shingo yake. "Siwezi kukuahidi kitu," akaniambia. "Uvimbe unaweza kurudi. Unaweza kurudi mapema."

"Sikuja kuomba ahadi, daktari," nikamwambia. "Nimekuja kuomba kisu."

Akatoa kidaftari chake cha chumba cha upasuaji, akalamba kidole, akafunua. Napasuliwa Jumanne hii, wa kwanza asubuhi.

Kwa hiyo siji huko kupumzika. Naogopa, tena naogopa sana, na jana nimepanga kabati la nguo mara mbili bila sababu. Pengine uvimbe utarudi na utanishinda. Ukinishinda, utakuwa umenikuta nimesimama, na utakuwa umepigana na mtu. Sitakaa kwenye chumba kilichopakwa rangi nikisubiri mwezi wa ishirini kama mtu anayesubiri basi.

Nina agizo moja kwako. Tangu ulipomwambia mama, amekuwa mpole kwangu. Ananiuliza nataka chai ya namna gani. Juzi nilimwaga sufuria zima la uji sakafuni, akasema si kitu mwanangu, akachukua tambara mwenyewe. Mama yetu! Nilitamani kupiga yowe. Basi wewe uliyempa ile habari ya kwanza, mpe na hii, kwa mdomo wako, na umweleze kwamba ulisoma ukurasa mmoja. Mimi nimeshindwa kumwambia chochote, kila nikianza ananishika mkono.

Leo baada ya chakula cha mchana nimejaza fomu ya hospitali. Inauliza umri, dawa unazotumia, meno ya bandia, kila kitu. Mwishoni kuna mstari wa kuandika ndugu atakayepigiwa simu endapo mambo yatakwenda vibaya, na anayeweza kuamua kwa niaba yako. Shemeji yako amesema asiandikwe yeye. Amesema akisikia sauti ya daktari atakubali chochote. Mama haoni vizuri. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu, hasira zangu zote za miezi miwili zikiwa mezani pamoja nami. Nimekuandika wewe. Wakikupigia, usikubali upesi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie sweta alilotuma limenikaa vizuri na shemeji yake ameshajaribu kuniibia. Wabusu mapacha wote wawili, na usimsahau yule mtulivu kwa sababu ya kelele za mwenzake. Msalimie mama mkwe wako. Hapa mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu, na Bibi Harusi na Miwani wanakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuinue mgongo huo, na Jumanne aishike mikono ya Bwana Glavu isitetemeke.

Mimi dada yako mkaidi, akupendaye hata akiwa na hasira,

Dada Mkubwa